Hakuna dawa kali ya kila kijidudu

Kaa kidogo kwenye benchi la duka la dawa, mtaa wowote wa Dar es Salaam au Mwanza, na hutakosa kumsikia mtu akiomba "dawa kali". Ameshakunywa kapsuli za rangi mbili, hazikumsaidia. Safari hii anataka kitu cha juu zaidi, ikiwezekana sindano za masaa, kwa sababu ana UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) sugu na mwili wake "umeshazoea dawa". Mtaa wa pili kuna mama anafungua kapsuli kama hiyo na kunyunyiza unga wake kwenye kidonda cha mtoto. Mfugaji naye anaukoroga unga wa aina hiyo kwenye maji ya kuku wanaozubaa. Na kwenye simu zetu matangazo hayaishi: dawa moja inayoua bakteria, virusi, fangasi na minyoo kwa pamoja.

Yote hayo yamesimama juu ya wazo moja, kwamba dawa za kuua vijidudu zimepangwa kwa ngazi, dhaifu chini na kali juu, na ukipanda vya kutosha utaifikia ile inayoua chochote. Ngazi hiyo haipo. Dawa inaua kijidudu kwa kushika kitu fulani ambacho kijidudu hicho kinacho na kinakitegemea ili kiishi. Kitu hicho kikiwepo, kiasi kidogo kinatosha. Kisipokuwepo umekunywa bure, na unachobaki nacho ni madhara ya dawa tu.

Kwa hiyo tuanze na hao tunaotaka kuwaua. Bakteria ni kiumbe wa seli moja, anayejitegemea, na karibu wote wamezungukwa na ukuta. Kirusi si seli hata kidogo. Ni kipande cha vinasaba kilichofungwa ndani ya protini, na hakiwezi kuzaana mpaka kiingie ndani ya seli ya mtu na kutumia mitambo yake. Fangasi ni ndugu wa uyoga na hamira. Protozoa, kama kimelea cha malaria au amiba, wana seli moja pia, ila seli yao inafanana zaidi na yetu kuliko na ya bakteria. Minyoo na wadudu ni wanyama kamili, wenye neva na misuli. Antibiotiki ni dawa za bakteria. Virusi, fangasi, protozoa na minyoo wana dawa zao nyingine, na zile za kuua wadudu mashambani na majumbani tunaziita viuatilifu. Zile za kupangusia sakafu, vifaa na mikono ni vipukusi na vitakasa, na hizo zina tabia yake ya pekee.

Tabia yenyewe ni kwamba hazichagui. Klorini iliyomo kwenye dawa ya madoa tunayoiita Jik inashambulia karibu kila kitu cha uhai inachokigusa: protini, utando wa seli, vinasaba. Ndiyo maana inafagia bakteria na virusi kwa mkupuo, na ndiyo maana haina nafasi ndani ya mwili wa mtu. Isiyochagua haikuachi wewe pia.

Kutochagua huko kuna upande mwingine ambao watu wengi hawaujui. Klorini inaungana na uchafu wowote inaoukuta, iwe damu, matapishi au tope, na ikishaungana imekwisha nguvu. Ukimwaga Jik juu ya matapishi ya mgonjwa wa kipindupindu na kuondoka, sehemu kubwa imepotelea kwenye uchafu. Kwanza toa uchafu, osha, ndipo upitishe klorini na uiache ikae kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Maji ya kunywa ni vivyo hivyo: maji ya tope yanahitaji kutuama na kuchujwa kabla ya kutia kidonge cha klorini. Na tafadhali usiichanganye Jik na dawa ya choo yenye asidi ukidhani unaongeza ukali. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, inayounguza mapafu, na chooni mara nyingi hakuna hata dirisha la maana.

Spiriti nayo inatuonyesha jinsi hesabu ya "kali zaidi" inavyoanguka. Alkoholi ya asilimia 70 inaua bakteria vizuri kuliko alkoholi tupu. Inaua kwa kuzifumua protini, na kazi hiyo inahitaji maji kidogo. Alkoholi tupu inagandisha protini za nje upesi kisha inayeyuka hewani kabla haijapenya. Kitakasa mikono cha fomula ya Shirika la Afya Duniani kina asilimia 80 ya ethanoli au asilimia 75 ya isopropili, kilichobaki kikubwa ni maji. Pombe kali ya dukani yenye asilimia 35 au 40 haifiki huko. Na hata hiyo ya asilimia 70 haiziui mbegu ngumu za bakteria wa pepopunda, zinazokaa kwenye udongo na kinyesi cha mifugo. Kidonda cha msumari kinataka kuoshwa vizuri na chanjo ya pepopunda, hata kama umekimwagia spiriti chupa nzima.

Kuua kijidudu bila kumuua mgonjwa

Ndani ya mwili mambo yanageuka. Huko kijidudu kimekaa katikati ya seli zetu, na dawa lazima imjue adui. Mjerumani Paul Ehrlich ndiye aliyelishikilia wazo hili mapema. Aliona kuwa rangi fulani za maabara zinapaka vijidudu na kuacha nyama ya mwili ilivyo, akajiuliza kama sumu nayo haiwezi kuchagua hivyo. Mwaka 1909 yeye na Sahachiro Hata kutoka Japani walipata mchanganyiko wenye aseniki uliotibu kaswende, ukaingia sokoni mwaka uliofuata kwa jina la Salvarsan. Ulikuwa na madhara mengi, lakini njia ilifunguka.

Penisilini ndiyo mfano safi kuliko yote, na inastahili tuitazame kwa karibu. Alexander Fleming aliigundua London mwaka 1928, alipoona kwamba kwenye sahani yake ya bakteria ukungu ulikuwa umeota, na kuuzunguka ukungu ule bakteria walikuwa wamekufa. Ilichukua zaidi ya miaka kumi na kazi ya akina Howard Florey na Ernst Chain huko Oxford kuifanya iwe dawa.

Inauaje? Ndani ya bakteria kumesongamana chumvi, sukari na protini, kwa hiyo maji ya nje yanataka kuingia wakati wote. Ukuta ndio unaomzuia asipasuke. Lakini bakteria anakua, na akikua lazima aupanue ukuta huo, kazi inayofanywa na vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kemia ndani ya seli, vya aina mbili: vinavyokata na vinavyounga. Ni kama nyumba inayopanuliwa wenyewe wakiwa bado wanaishi ndani. Fundi mmoja anatangulia kubomoa tofali za zamani, mwenzake anamfuata nyuma akijenga mpya. Penisilini inamfunga mikono yule anayejenga. Yule wa kubomoa hana habari, anaendelea na nyundo yake. Baada ya muda ukuta umejaa matundu, maji yanaingia kwa nguvu, na bakteria anapasuka.

Seli za binadamu hazina ukuta huo. Ndiyo sababu penisilini na ndugu zake, kama amoksilini, ni salama kwa watu wengi isipokuwa wenye mzio nazo. Na hapo hapo unaona udhaifu wake. Bakteria aliyelala, asiyekua, hajengi chochote, kwa hiyo hafi upesi. Na kuna bakteria aitwaye Mycoplasma, mmoja wa wanaoleta nimonia, ambaye hana ukuta kabisa. Mpe mgonjwa huyo amoksilini ya kiasi chochote unachotaka, kwa kidonge au kwa mshipa, hakuna kitakachotokea. Anahitaji doksisaiklini au azithromaisini, ambazo zinashika mahali pengine.

Mahali hapo pengine ni ribosomu, kiwanda cha protini ndani ya seli. Sisi tunazo na bakteria anazo, lakini umbo ni tofauti, na dawa kama tetrasaiklini, azithromaisini na gentamaisini zinakaa kwenye ya bakteria zaidi kuliko kwenye yetu. Baadhi hazimuui papo hapo, zinamsimamisha tu asizaane, kisha kinga ya mwili inamalizia kazi. Tetrasaiklini ina tabia ya kushikana na kalisiamu: ukiinywa na maziwa inanaswa tumboni na kidogo tu ndiyo inaingia kwenye damu, na kwa mtoto mdogo inaingia kwenye meno yanayokua na kuyatia rangi ya manjano au kahawia.

Septrin inapita njia nyingine tena. Bakteria wengi wanatengeneza folati, vitamini ya kundi B, yao wenyewe, lazima waitengeneze. Sisi tunaipata kwenye mchicha, maharage na maini. Ndani ya kidonge kuna dawa mbili zinazozuia hatua mbili za mstari huo mmoja wa uzalishaji. Flagyl, yaani metronidazo, ni ya ajabu zaidi: inaingia ikiwa imelala, na inageuka kuwa sumu pale tu inapokuta seli inayoishi bila oksijeni. Amiba, giardia na bakteria fulani wa tumboni na ukeni ndio wenye mazingira hayo.

Hili la Flagyl linaniumiza, kwa sababu imekuwa dawa ya kila tumbo linalosokota. Mtoto mchanga akiharisha maji maji, mara nyingi chanzo ni virusi, na rota ndiye anayejulikana zaidi. Rota haina chochote cha kuiamsha Flagyl. Kinachomuua mtoto huyo ni kukaukiwa maji, na kinachomwokoa ni ORS pamoja na vidonge vya zinki, vyote vya bei ndogo na vipo dukani. Kila saa inayopotea tukisubiri Flagyl ifanye kazi isiyoiweza ni saa ya mtoto kuendelea kukauka.

Mafua na kikohozi cha kawaida ni habari hiyo hiyo. Kirusi hakina ukuta, hakina ribosomu, hakitengenezi folati. Antibiotiki zote duniani zinakipita kama hazikioni. Mafua yanaisha baada ya wiki hivi, na mtu aliyekunywa amoksilini anaisifu amoksilini. Virusi vichache vina dawa zake, nazo zimetengenezwa kwa mtindo ule ule wa kutafuta mahali pa kushika. Virusi vya UKIMWI vinahitaji kimeng'enya cha kunakili vinasaba vyake ambacho seli zetu hazikihitaji. Tenofovir na lamivudini zinakikwamisha, na dolutegravir inazuia nakala hiyo isichomekwe kwenye vinasaba vya seli ya mtu. Dawa hizo tatu ndani ya kidonge kimoja kila siku zimewarudishia watu wengi maisha.

Fangasi wanasumbua kwa sababu seli zao zinakaribiana na zetu, kwa hiyo pa kushika ni pachache. Dawa nyingi zinalenga ergosteroli, mafuta yanayoushikilia utando wa fangasi, wakati utando wetu unatumia kolesteroli. Dawa hufanya kazi polepole, na watu wengi huacha kupaka ngozi inapoacha kuwasha, fangasi wakiwa bado wapo. Mapunye ya kichwani kwa watoto hayaponi kwa krimu peke yake. Fangasi wamejichimbia kwenye mzizi wa nywele, dawa lazima imezwe ifike huko kwa njia ya damu. Na zile tyubu zilizochanganya dawa ya fangasi, antibiotiki na steroidi, zinazouzwa kama tiba ya ngozi yote, nakuomba uzikwepe mpaka mtaalamu aseme. Steroidi inapoza muwasho huku ikiishusha kinga ya ngozi, na choa inatambaa kimya kimya.

Aliyezoea dawa ni nani?

Sasa turudi kwa yule anayesema mwili wake umezoea dawa. Mwili haukuzoea kitu. Walioizoea ni bakteria, na tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu bakteria sugu anahama. Unaweza kuwa hujawahi kumeza antibiotiki maishani na ukaambukizwa bakteria sugu kutoka kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani, kwa maji, au kwa nyama na mayai. Wizara ya Afya ya Tanzania inaliita tatizo hili usugu wa vimelea vya magonjwa dhidi ya dawa, kwa kifupi UVIDA.

Usugu unaanza kwa bahati nasibu. Bakteria aitwaye E. coli, akipata chakula na joto, anaweza kugawanyika mara mbili kila baada ya dakika 20 hivi. Katika mamilioni hayo ya nakala, makosa ya kunakili hayakosi. Mara moja moja kosa linamfaa mwenyewe: ribosomu inabadilika umbo kidogo na dawa haikai tena, au pampu ya kwenye utando inaanza kuitapika dawa nje, au anapata kimeng'enya kinachoikata penisilini kabla haijafika kwenye ukuta. Dawa ikiingia, wenzake wanakufa na yeye anabaki na nafasi yote. Kibaya zaidi, bakteria wana vipande vya vinasaba wanavyopeana, hata kati ya aina tofauti. Bakteria asiye na madhara tumboni mwa kuku aliyenyweshwa antibiotiki anaweza kumpa usugu wake bakteria mwenye madhara.

Fleming mwenyewe alilionya hili mwaka 1945 kwenye hotuba yake ya Tuzo ya Nobel, kwamba mtu atajitibu kwa dozi ndogo isiyoua, na kuwafundisha vijidudu kuishi nayo. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maambukizi ya bakteria sugu, na eneo la Afrika Kusini mwa Sahara lilikuwa na mzigo mkubwa kuliko mengine. Unga wa kapsuli kwenye kidonda umo humo humo: juu ya kidonda haifahamiki ni dozi gani inayomfikia bakteria, na unga wenyewe unaweza kuleta mzio.

Vipi basi hiyo UTI sugu? Nyingine si UTI. Mtu anawashwa au anaungua akikojoa kwa sababu ya fangasi wa ukeni au ugonjwa wa zinaa, anapewa dawa ya njia ya mkojo, hapati nafuu, anaambiwa ni sugu. Mwingine hana dalili yoyote, alipima tu akaambiwa "mkojo mchafu". Bakteria kwenye mkojo wa mtu asiye na dalili kwa kawaida hawatibiwi, isipokuwa kwa mjamzito na wachache wanaokwenda kufanyiwa upasuaji fulani wa njia ya mkojo. Kila dozi isiyohitajika inawachuja bakteria wa tumboni wabaki walio sugu, na hao wa tumboni ndio wanaopanda baadaye kuleta UTI ya kweli.

Pale ambapo UTI ni ya kweli na dawa ya kwanza imeshindwa, kipimo kinachomaliza ubishi ni kuotesha mkojo. Fundi wa maabara anapaka mkojo kwenye sahani bapa yenye chakula cha bakteria kilichoganda kama jeli. Bakteria wakishaota na kutambuliwa, anawapaka kwenye sahani nyingine na kupanga juu yake vidoa vidogo vya karatasi, kila kimoja kimeloweshwa dawa yake na kuandikwa herufi zake. Sahani inalala kwenye joto la mwili usiku kucha. Kesho yake uso wote umefunikwa na utando mweupe mweupe wa bakteria, isipokuwa kuzunguka vidoa fulani, ambako kuna duara safi. Duara likiwa pana kuliko kipimo kilichowekwa, dawa hiyo itafanya kazi, na kwenye karatasi ya majibu utaona S. Bakteria wakiota mpaka kwenye kidoa, utaona R. Wakati mwingine kidoa cha dawa ya gharama kubwa kinazungukwa na bakteria tele, huku cha dawa ya zamani na rahisi kikiwa na duara safi.

Nitrofurantoini ni mfano mzuri. Ni dawa ya miaka ya 1950. Ukimpa mtu mwenye bakteria kwenye damu haimfai kitu, maana kwenye damu haifiki kiasi cha kuua. Lakini figo zinaikusanya kwenye mkojo, na huko inamvuruga bakteria sehemu nyingi kwa wakati mmoja, jambo linalomfanya apate shida kuwa sugu. Kwa UTI ya kibofu isiyo na matatizo mengine kwa mwanamke, siku 5 kwa kawaida zinatosha. Sindano ya seftriaksoni, inayosifiwa kuwa kali, inashindwa kabisa na E. coli mwenye kimeng'enya cha kuikata. Kupita kwenye sindano kunaifikisha dawa kwenye damu haraka, na kwa mgonjwa mahututi au anayetapika hilo ni muhimu sana. Ila hakuibadilishi shabaha.

Watu wanauliza pia kama ni lazima kumaliza dozi. Urefu wa dozi unategemea ugonjwa. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba maambukizi kadhaa yanapona kwa siku chache kuliko tulizozoea, kwa hiyo usishangae daktari akikuandikia siku 5 badala ya 10. Kifua kikuu ni kinyume chake: bakteria wake anakua polepole, anajificha akiwa amelala, na tiba ya kawaida ni miezi 6 ya dawa kadhaa kwa pamoja. Ukiacha mwezi wa pili kwa sababu umenenepa na kikohozi kimeisha, waliobaki ndio wagumu. Siku anazipanga mtabibu. Kuzikata mwenyewe, au kutunza vidonge vitano kwa ajili ya homa ya mwakani, hakumsaidii yeyote nyumbani.

Malaria, pareto na mbu

Usugu haupo kwa bakteria peke yake, na Afrika Mashariki tumeuona kwa macho. Kimelea cha malaria kinaishi ndani ya chembe nyekundu ya damu na kula himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Mabaki ya chakula hicho yana madini ya chuma na ni sumu kwake, kwa hiyo anayagandisha yawe fuwele zisizo na madhara. Klorokwini ilikuwa inazuia ugandishaji huo, na kimelea kikafa kwa sumu ya chakula chake. Kisha vikatokea vimelea vyenye pampu iliyobadilika, inayoitoa klorokwini pale inapofanyia kazi. Tanzania iliachana nayo kama tiba ya kwanza mwaka 2001, ikahamia SP (sulfadoksini na pirimethamini), na mwaka 2006 ikaingia dawa ya mseto, ALu (artemeta na lumefantrini).

Malawi ilitangulia wote barani, ikaiacha klorokwini mwaka 1993. Miaka kadhaa baadaye vimelea sugu vilikuwa vimepotea huko, na utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta klorokwini inaponya tena karibu kila mgonjwa. Kubeba usugu kulikuwa mzigo kwa kimelea. Dawa ilipoondoka, wale wepesi waliwashinda. Bahati mbaya si kila usugu unaondoka hivyo.

Mseto umeitwa hivyo kwa sababu ni dawa mbili zenye shabaha tofauti. Artemeta inatokana na artemisinini ya mmea wa pakanga wa Kichina, iliyopatikana na Tu Youyou na wenzake miaka ya 1970, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Inaua upesi na kutoka mwilini upesi. Lumefantrini inabaki siku kadhaa ikiwasaka waliosalia. Kwa kimelea kimoja kupata bahati ya kuzikwepa zote mbili kwa pamoja ni vigumu. Ndiyo hatari ya chai ya pakanga inayonadiwa kama tiba: ni artemisinini peke yake, kwa kiasi kisichojulikana kikombe kwa kikombe. Dawa kutoka kwenye mmea ni kemikali sawa na nyingine, inafuata sheria ile ile ya dozi na usugu. Na onyo tayari tunalo. Vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini vimethibitishwa Rwanda, Uganda na Kagera. Mseto bado unatibu, kwa kuwa mwenzake anafanya kazi, lakini mmoja wa hao wawili ameanza kuchoka.

Mbu mwenyewe naye ana historia hiyo. Maua ya pareto, yanayolimwa Iringa, Mbeya na upande wa Nakuru, yana sumu inayoshika milango ya sodiamu, yaani vitundu vinavyopitisha ishara, kwenye neva za mdudu na kuizuia isifunge. Ukimpulizia mbu utaona: anaanguka chali, miguu inatetemeka bila kupumzika, kwa sababu neva zake zinapiga ishara zisizokoma, hadi anapooza. Binadamu ana milango inayofanana, ila ya mdudu inakamatwa kirahisi zaidi, na maini yetu yanaivunja sumu hiyo haraka. Paka hana uwezo huo wa maini kama sisi, hivyo dawa ya viroboto ya mbwa yenye pemetrini, ndugu wa sumu ya pareto, inaweza kumuua.

Jua linaiharibu pareto ya asili kwa saa chache, kwa hiyo wanakemia walitengeneza ndugu zake wanaodumu, pairethroidi, na hizo ndizo zilizopakwa kwenye vyandarua tulivyogawiwa. Miaka ikapita, mbu wakawa sugu kwa njia mbili tunazozijua tayari: mlango wa sodiamu ukabadilika umbo, na vimeng'enya vya kuivunja sumu vikaongezeka mwilini mwao. Jibu la kwanza lilikuwa kuongeza kwenye chandarua kitu kiitwacho PBO, ambacho kwa kiasi hicho hakimuui mbu bali kinavifunga vimeng'enya hivyo. Jaribio la Muleba, Kagera, lilionyesha watoto waliolala kwenye vyandarua hivyo wakiwa na malaria kidogo kuliko wa vyandarua vya kawaida.

Jibu la pili lilijaribiwa Misungwi, Mwanza. Vyandarua vya huko viliunganisha pairethroidi na klofenapiri, sumu ambayo haigusi neva kabisa. Inaharibu mitambo ya nishati ndani ya seli za mbu. Katika miaka miwili, watoto waliopewa vyandarua hivyo waliugua malaria pungufu kwa asilimia 44 kuliko waliopewa vya pairethroidi peke yake, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza kwa maeneo yenye mbu sugu. Klofenapiri inaingia mwilini mwa mbu ikiwa karibu haina madhara, na wanaoigeuza kuwa sumu ni vimeng'enya vya mbu mwenyewe, vya kundi lile lile alilolizidisha ili aikwepe pairethroidi. Kwa hiyo kuiweka klofenapiri pamoja na PBO kwenye chandarua kimoja, ukidhani mbili zitakuwa kali kuliko moja, kungeweza kuifunga klofenapiri isiamke.